Tukutane Kwanza, Kompyuta Zitafuata

Kila likitajwa wazo la kuwa na ukumbi wa jamii mjini Singida, mahali ambapo vijana wa kompyuta, mafundi, wakulima, walimu na wazee wa ngoma watakutana mara moja kwa mwezi, jibu huwa limeshaiva kabla mtu hajamaliza kusema. "Hayo ni mambo ya Dar." Mwenye adabu zaidi ataongeza kwamba wazo ni zuri ila wakati wake bado: maji hayajafika kila kitongoji, barabara za ndani zinakatika wakati wa mvua, madarasa hayatoshi, tukishamaliza hayo ndipo tuje kwenye mambo ya kukaa na kuzungumza. Na yule anayejua namna semina zinavyoendeshwa nchini atacheka tu, maana anajua kikao cha namna hiyo kitaishia kwenye soda, karanga na karatasi ya kusaini posho.

Wenye maoni haya si wajinga. Wamo maofisa, wafanyabiashara wa alizeti, walimu wa sekondari, na hata vijana ambao ndio wangefaidika. Hoja zao zinastahili kujibiwa. Ila nadhani zote zimejengwa juu ya dhana moja isiyo na msingi, kwamba kukutana ni tunda la maendeleo, starehe ya watu waliokwisha kushiba na kupata vifaa. Historia ya nchi hii inasema vingine.

Tuchukue hoja ya "kwanza maji, kwanza vyoo," maana ndiyo yenye nguvu ya kumnyamazisha mtu hadharani. Mwaka 1973 Tanzania ilikuwa maskini kuliko ilivyo leo kwa vipimo vingi. Mwaka huo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Muundo wake haukuwa na makuu: kikundi cha wanakijiji, redio moja, vijitabu, na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi. Kwa wiki 12 watu walikutana, wakasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, anayejua kusoma akawasomea wenzake, kisha wakajadili: malaria hapa kwetu inatoka wapi, kichocho kimo katika bwawa gani, safura inaingilia wapi, na sisi tunaanza na lipi. Viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa kama 75,000, na walioshiriki wanakadiriwa kufikia milioni 2. Mjadala ulitakiwa uishe kwa azimio, na azimio mara nyingi lilitaka jembe. Vyoo vikachimbwa, madimbwi yakafukiwa, vichaka karibu na nyumba vikafyekwa.

Kwa hiyo anayesema tumalize vyoo ndipo tukutane amegeuza mambo. Vyoo vya 1973 vilichimbwa na watu waliokuwa wamekwisha kukutana.

Kuna jambo jingine katika kampeni ile ambalo huwa halisemwi. Redio wakati huo ndiyo ilikuwa teknolojia mpya ya kijijini, ghali, na betri zake zilikuwa za kubania. Hakuna aliyesema tusubiri kila kaya ipate redio yake. Moja ilitosha watu wengi kwa kuwa walikuwa wameketi pamoja, na aliyekosa kuelewa kipindi alimwuliza aliyekaa naye. Leo simu imeingia karibu kila nyumba, na kila mmoja anasikiliza yake peke yake akiwa ameinamisha kichwa. Tumeongeza vifaa na kupunguza vikao, halafu tunashangaa kwa nini habari nyingi namna hii hazizai kazi.

Ya pili ni ile ya "mambo ya Dar." Hii inatokana na picha ya zamani ya Singida: upepo, miamba, kuku wa kienyeji ndani ya matenga yakisubiri basi, na wasafiri wa Mwanza wanaoshuka kula na kuendelea. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,008,058 katika mkoa huu. Ile ya 2012 ilikuwa imehesabu 1,370,637. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita hapa. Njia ya umeme ya kilovolti 400 inayotuunganisha na Kenya kupitia Babati na Arusha, upande wetu inaanzia Singida. Yaani umeme mkubwa na intaneti kubwa vyote vinatupitia, na sisi tunavisindikiza kwa macho kama tulivyozoea kuyasindikiza mabasi.

Wala teknolojia haikusubiri ruhusa yetu. Mkulima wa dengu, choroko au ufuta amekwisha kuikuta kwenye stakabadhi ghalani na minada ya mtandaoni ya soko la bidhaa la TMX. Mzigo wake unapimwa, unaingizwa ghalani, anapewa karatasi, kisha bei inapatikana kwenye skrini ambayo hakuiona, kwa wanunuzi ambao hakuwasikia. Mfumo huo una watetezi wenye hoja na una wapinzani wenye hoja, na leo siugusi. Ninalouliza ni hili: mkulima huyo akiwa na swali, anakwenda kumwuliza nani? Ofisa ushirika atamweleza taratibu. Dalali aliyepoteza riziki atamweleza ubaya wake. Kijana wa chuo anayeelewa namna mnada wa skrini unavyofanya kazi, zabuni zinavyoingia na kwa nini bei ya leo si ya juzi, hamjui mkulima huyo na hana sababu ya kukutana naye. Kikao kimoja cha Jumamosi, skrini ikafunguliwa ukutani, watu wakauliza hadi wachoke, kingefanya kazi ambayo vipeperushi elfu moja haviwezi.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Tunadhani Singida ina upungufu wa ujuzi, kumbe ujuzi upo na umetawanyika, na walio nao hawajuani.

Nenda maeneo ya stendi au sokoni mjini, ukae kwenye benchi la fundi simu kwa muda. Meza yake ni ndogo. Juu yake kuna hita, mita, kibano, kichupa cha petroli, mswaki uliochakaa wa kusafishia bodi, na lundo la simu zilizokufa ambazo ndizo ghala lake la spea. Mama mmoja analeta simu ya batani iliyodumbukia kwenye ndoo. Fundi anaifungua, anaipiga mswaki, anaikausha kwa hita, anagusisha ncha za mita hapa na pale, anasema sistimu ya chaji imekufa. Anachomoa unyuzi wa waya kwenye simu nyingine, anaurukisha juu ya njia iliyokatika, mahali ambapo mimi sioni kitu hata kwa miwani, na taa ya chaji inawaka. Hakusoma chuo. Alifundishwa na kaka yake, akajifunza mengine kwa kuharibu simu za watu na kuzilipa. Akikutana na bodi asiyoielewa, wa karibu wa kumwuliza ni fundi wa kibanda cha pili, ambaye ni mshindani wake na hatamwambia.

Sasa katika mji huohuo kuna chuo cha VETA, kuna kampasi ya Taasisi ya Uhasibu, kuna SIDO, shirika la viwanda vidogo, lenye watu wanaojua mashine za kukamulia alizeti zinakufa wapi na kwa nini. Kuna wanafunzi wanaoandika programu za kompyuta ambao hawajawahi kushika mita mkononi. Kuna akina mama wa kukamua mafuta wanaotaka kujua mashudu yamebaki na mafuta kiasi gani kabla hawajayauza kwa wafugaji. Kila mmoja wa hawa ana kipande. Hakuna ofisi ambayo kazi yake ni kuwakutanisha, na hakuna atakayeianzisha kwa waraka.

Wapinzani wangu wana silaha moja nzuri kuliko zote, na siwezi kuipita kimya: tulishajaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi ilijaa matumaini ya vituo vya mawasiliano vya jamii. Kompyuta zikaletwa, printa, mashine za faksi, mabango ya wafadhili. Vingi vilififia. Baadaye ikaja zamu ya vituo vya ubunifu. Buni Hub ilianza mwaka 2011 ndani ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kule Dar es Salaam kwa msaada wa Finland, na mikoani pia vikaota vya namna hiyo, vingine vikadumu na vingine vikaondoka na mradi wake. Kwa nini Singida iwe tofauti?

Haitakuwa tofauti ikianza vilevile. Vituo vingi vilivyokufa vilianza na chumba na vifaa, kisha vikatafuta watu wa kuvitumia. Kompyuta ikishazeeka, na huzeeka haraka kwenye vumbi la kanda ya kati, hakuna kilichobaki cha kumrudisha mtu. Kituo cha Sengerema, mkoani Mwanza, kilichoanzishwa mwaka 2001, hutajwa mara nyingi miongoni mwa vile vilivyopata maisha marefu, na sidhani ni kwa ubora wa mashine zake. Kiliongeza redio ya jamii. Watu wakawa na sababu ya kukizungumzia, kukisikia na kukifikia hata kama hawana haja ya kugusa kompyuta. Na hapa jirani zetu Kondoa, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma wakiongozwa na Dkt. Jabhera Matogoro, kwa kuungwa mkono na Internet Society, walijenga mtandao wa intaneti wa jamii kwa kutumia masafa ya televisheni yaliyokuwa hayatumiki. Minara na vipokezi vina maelezo yake ya kitaalamu, lakini mtandao wa jamii ni wa jamii kwa sababu kuna watu waliokubaliana nani ataulinda, nani atalipia umeme na nani ataitwa ukikatika. Hayo hayaji ndani ya boksi la vifaa.

Wanaopenda kutolea mfano Nairobi nao huusimulia kuanzia katikati. Watakuambia iHub ilifunguliwa Machi 2010 kwenye Barabara ya Ngong, ukumbi wenye intaneti ya kasi, na kampuni zikaanza kuchipuka. Kwa hiyo, wanasema, tupeni jengo na intaneti ya kasi. Lakini Ushahidi, programu ya ramani iliyoupa ukumbi ule waanzilishi wake na sifa yake, ilitengenezwa Januari 2008 katika vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya, miaka miwili kabla jengo halijakuwapo. Walioitengeneza, akina Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walikuwa wakijuana kwa maandishi yao mtandaoni, na baadhi yao walikuwa wamekutana ana kwa ana Juni 2007 kwenye mkutano wa TEDGlobal. Mkutano huo haukufanyika Nairobi. Ulifanyika Arusha, upande huu wa mpaka, safari ya siku moja kwa basi kutoka Singida. Watu walitangulia, chumba kikafuata.

Msomaji makini ataniwahi hapa: mbona Kobia aliandika sehemu kubwa ya programu akiwa Marekani? Kweli. Na hiyo inanifikisha kwenye hoja ya vijana wenyewe, kwamba siku hizi kila kitu kipo kwenye simu, YouTube inafundisha, WhatsApp inakutanisha, sasa nauli ya nini. Sina ugomvi na WhatsApp. Kundi la watu waliokwisha kujuana na kuaminiana ni chombo kizuri sana cha kazi; ndivyo ilivyokuwa kwa wale wa Ushahidi na barua pepe zao. Kundi la wasiojuana ni ubao wa matangazo ya misiba, harusi na picha za maua zenye "asubuhi njema." Mtu hataungama kwenye kundi la watu 200 kwamba hajui namna ya kutumia mita, wala mzee hatasimulia historia ya ukoo wake kwa sauti ya sekunde 40. YouTube nayo inafundisha kuhusu bodi ya simu ambayo haijawahi kuuzwa Singida, kwa lugha ambayo fundi wetu anaifuata kwa kutazama mikono tu. Na bando linaisha.

Nije kwenye sehemu ambayo inanikera zaidi, ile ya utamaduni. Hata wanaokubali vikao vya teknolojia huuchukulia utamaduni kuwa chambo: walete ngoma kidogo watu wajae, kisha ngoma ikae pembeni tufanye mambo ya maana. Ngoma inakuwa kipindi cha kumsubiri mgeni rasmi. Kwa mkoa kama huu, huo ni upofu.

Kanda hii, tangu Singida hadi Kondoa, ni miongoni mwa sehemu chache sana barani ambapo lugha za jamii kuu nne za Afrika zinasikika kwa jirani na jirani: Wanyaturu na Wanyiramba wenye lugha za Kibantu, Wabarbaig na Kidatoga chao cha Kiniloti, Wairaqw na Waburunge wenye lugha za Kikushi, na Wahadzabe na Wasandawe wenye lugha za vidoko. Wahadzabe, ambao baadhi yao wako kwetu Mkalama, hawazidi sana elfu moja. Kinyaturu kina irabu saba, na kibodi ya simu inayouzwa sokoni imepangwa kwa lugha zenye herufi tano za irabu. Anayetaka kumwandikia bibi yake ujumbe sawasawa analazimika kubahatisha. Hilo ni tatizo la kompyuta. Ni tatizo la utamaduni. Atakayelitatua ni kijana anayejua kupanga kibodi akiwa ameketi na mzee anayesikia tofauti ya irabu hizo, na hadi leo hawa wawili hawana meza moja.

Au chukua habari za Liti. Uwanja mmoja wa mpira mjini umebeba jina lake, na mashabiki wamezoea kulitaja. Ukiwauliza, wengi watakuambia alikuwa mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani kwa nyuki, na hapo simulizi linaishia. Vijijini kuna wazee wenye masimulizi marefu zaidi, yanayotofautiana, yenye majina ya koo na mahali. Mjukuu mwenye akili anamrekodi babu kwa simu. Faili linajiita AUD na namba zake, linakaa na video za vichekesho, simu inaibiwa, basi. Kulihifadhi kunataka mambo madogo sana: kuliita jina linaloeleweka, kuandika nani alisema, wapi na lini, kuweka nakala mahali pawili. Mambo ya dakika 20 kumfundisha mtu. Lakini kabla ya hayo kuna swali zito ambalo teknolojia hailijibu: babu amekubali litolewe kwa nani? Wazee wengi wana hofu, na hofu yao ina sababu, kwamba watakuja watu wakusanye na kuondoka. Sheria za kuhifadhi simulizi za Unyaturu hazitatungwa na kampuni ya nje. Zinatakiwa zitungwe na wenyewe wakiwa wamekaa, mwezi huu na mwezi ujao, mpaka waafikiane.

Tena mashine zinazosikia sauti zinafundishwa kwa sauti walizopewa. Mozilla ilipoingiza Kiswahili kwenye mradi wake wa Common Voice, ilitegemea watu wa kujitolea wasome sentensi na kurekodi. Mahali ambapo watu wamezoea kukutana, kazi ya namna hiyo ni ya mchana mmoja na vicheko. Mahali ambapo hawakutani, lafudhi yao haimo, na simu itaendelea kuwajibu Waswahili wa kati kana kwamba hawakusema kitu.

Wagogo wa Manyoni, ambao zeze na ilimba zao hazihitaji sifa yangu, watakuja na swali lao lingine la kiufundi: kwa nini kinasa sauti cha simu kinaziharibu sauti nyembamba za ilimba? Lina jibu, na anayelijua huenda ni mpiga picha za harusi wa mjini.

Kwenye posho, nawapa wapinzani haki yao yote. Nchi hii imewafundisha watu kwamba kukaa kwenye kiti na kusikiliza ni kazi ya kulipwa. Kikao cha kwanza cha mradi kinajaa kwa nauli na bahasha. Cha tatu, bahasha zikiisha, wanabaki mlinzi na mratibu. Ikiwa vikao vya Singida vitaanza hivyo, basi wasemao ni porojo watakuwa sahihi na mimi nitakaa nao. Lakini ugonjwa huo ni wa posho, na si wa kukutana. Watanzania wanakutana bila kulipwa kila siku ya Mungu. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA hukutana kila wiki, na huko mtu analeta fedha badala ya kupewa, na akichelewa anatozwa faini. Kwaya zinafanya mazoezi. Wanaharakati wa mtandao wa jinsia wa TGNP wamefungua viwanja vyao vya Mabibo, Dar es Salaam, kila Jumatano kwa miaka mingi kwa semina zao za jinsia na maendeleo, ambako mama wa sokoni anakaa pamoja na msomi na kumpinga. Watu huja wakiwa na sababu ya kuja.

Kwa hiyo sharti la kwanza liwe hakuna posho, na la pili hakuna mgeni rasmi. Meza kuu ikishawekwa, nusu ya mchana inaliwa na itifaki. Anayekuja aje na kitu kibovu, au kitu alichokitengeneza, au swali. Fundi afungue simu mbele ya watu. Mwanafunzi aonyeshe programu yake na mkulima amwambie kwa nini haitamfaa. Bibi aimbe wimbo wa mavuno na kijana aulize maneno asiyoyajua. Chai, anayeweza achangie.

Sasa kwa nini mwezi? Wengine husema mara moja kwa mwezi ni kidogo mno kwa kujifunza jambo lolote. Afadhali kozi ya wiki mbili yenye cheti. Kozi zina kazi yake na VETA wanaifanya. Lakini kozi inajibu maswali ambayo mwalimu ameyapanga. Lile linalozuka siku ishirini baada ya cheti, mashine ikiwa imegoma na msimu umefika, halina darasa. Upande mwingine kuna Nane Nane, ambayo kwa kanda yetu hufanyika Nzuguni, Dodoma, mara moja kwa mwaka. Ni maonyesho mazuri. Mkulima wa Mkalama akifika huko, akaona mashine, akarudi nayo, ikaharibika Septemba, atasubiri Agosti nyingine?

Mwezi ni kipimo ambacho maisha ya hapa yanakijua. Halmashauri ya kijiji kisheria inakutana kila mwezi. Minada ya mifugo vijijini inafuata tarehe: kijiji hiki tarehe fulani, kile tarehe fulani, na mchuuzi wa mitumba, mchoma nyama na mwenye mbuzi wote wanaijua kalenda hiyo bila kuandikiwa. Mnada haupigiwi debe kila mara. Unaaminika kwa kuwa mwezi uliopita ulikuwapo, na ule wa kabla yake. Aliyenunua ng'ombe mgonjwa anajua muuzaji atamkuta palepale mwezi ujao, na muuzaji naye anajua hivyo, ndiyo maana anasema ukweli zaidi kuliko angesema barabarani. Fundi aliyeahidi kikaoni kwamba atatafuta mchoro wa bodi fulani atakuwa na siku 30 za kuutafuta na nyuso zilezile za kuzikabili.

Si sisi peke yetu tulioujua mwezi. Karne ya 18 huko Birmingham, Uingereza, kulikuwa na kundi la marafiki lililojiita Lunar Society: James Watt wa injini ya mvuke, Matthew Boulton mwenye karakana, Josiah Wedgwood mfinyanzi, Joseph Priestley mchungaji na mkemia, Erasmus Darwin tabibu na mshairi. Walikutana karibu na siku ya mwezi mpevu, kwa sababu ya kawaida kabisa: barabara hazikuwa na taa, na mbalamwezi iliwawezesha kurudi nyumbani. Mzee yeyote wa Iramba ataielewa sababu hiyo, maana ngoma za vijana nazo zilichezwa mbalamwezi. Mfinyanzi, mchungaji, mwenye karakana na mshairi, kwenye meza moja, kila mwezi kwa miaka. Hakuna aliyewauliza utamaduni unaingiaje kwenye injini.

Mpinzani wa mwisho anasema hata tukifanya yote hayo, vijana wakishaiva watahamia Dar, Arusha au Dodoma. Watahamia. Wanahama sasa bila kuiva. Anayeondoka akiwajua watu thelathini wa nyumbani kwa majina na kazi zao ana sababu ya kupiga simu. Anayeondoka bila kumjua mtu atarudi kuzika tu.

Yapo ambayo sina majibu yake kwa wepesi. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na katika miezi hiyo mtu yuko shambani. Mahudhurio yatashuka, na waratibu wasione aibu wakiwa kumi. Watu wa Kiomboi, Manyoni na Nduguti hawawezi kutarajiwa mjini kila mwezi, kwa hiyo baadhi ya vikao vihame, na vikihama vifanyike siku ya mnada wa huko, watu wakiwa wamekwisha kutoka nyumbani. Mbalamwezi ya Birmingham haimfai mama mwenye watoto. Saa nane mchana, Jumamosi, watoto waje naye, na pawe na mkeka. Na ufunguo wa ukumbi ukae kwa mtu anayeishi jirani, si kwa ofisa ambaye Jumamosi yuko Dodoma.